Mtoto akishindwa shule kwa ugonjwa, kidato cha nne bado kinawezekana

Wiki mbili zilizopita nilikuwa Butiama kwa wazazi wangu. Nilimkuta mdogo wangu wa mwisho amekaa chini ya mwembe, daftari la Baiolojia magotini na chupa kubwa ya maji pembeni. Ana miaka 17, ingawa ukimtazama utasema ana 13. Novemba mwaka huu, 2025, atafanya mtihani wa kidato cha nne. Mara ya mwisho kukaa darasani kama mwanafunzi wa shule ilikuwa Agosti 2022, mwezi wa sensa.

Wasomaji wa ukurasa huu mmezoea kusoma kwangu habari za chanjo, kliniki na lishe. Leo naandika la nyumbani kwetu. Nimeomba ruhusa kwake na kwa wazazi, wakakubali kwa sharti moja, nisitaje jina.

Mdogo wangu ana selimundu, ugonjwa ambao wengi tunauita sikoseli. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni za mviringo, kwake hujikunja kama mundu, zinakwama kwenye mishipa midogo na kuleta maumivu makali. Chembe hizo pia hufa mapema, ndiyo maana damu yake hupungua mara kwa mara na macho yake huwa na unjano.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaa watoto wengi zaidi wenye selimundu duniani, na Kanda ya Ziwa, tuliko sisi wa Mara, ni kati ya maeneo yenye wabebaji wengi wa vinasaba vyake. Sababu ni malaria. Mtu anayebeba kinasaba kimoja hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, hivyo katika maeneo yaliyosumbuliwa sana na mbu kinasaba hicho kilidumu kizazi hadi kizazi. Tatizo linakuja wabebaji wawili wanapooana. Kila mimba yao ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuleta mtoto mgonjwa.

Baba na mama hawakujua. Mimi nilipimwa nikiwa mwaka wa pili chuoni, nikakuta ni mbebaji. Nilikuwa nimeishi na mgonjwa nyumba moja miaka yote hiyo bila kujiuliza kuhusu damu yangu.

Bweni lilivyomshinda

Alifaulu darasa la saba mwaka 2021, na Januari 2022 akapelekwa shule ya bweni wilayani Bunda. Baba alichagua bweni kwa nia njema kabisa. Aliona mtoto asiyeweza kutembea umbali mrefu kila siku atapumzika akilala shuleni. Shangazi yetu anaishi Bunda mjini, kwa hiyo tukasema hata akiugua ndugu yupo karibu.

Tulichosahau ni kwamba bweni lina ratiba ya watoto wenye afya. Saa 11 alfajiri wanaamka, wanaoga maji ya baridi, wanakimbia mchakamchaka. Kwa mwenye selimundu, baridi, uchovu na kukosa maji ya kutosha ni vichocheo vitatu vikubwa vya maumivu. Yeye alivipata vyote kabla ya uji.

Lilikuwepo jingine ambalo hakumwambia mtu. Figo za wagonjwa wengi wa selimundu hushindwa kuzuia maji mwilini, hivyo hukojoa mara nyingi, na baadhi hukojoa kitandani hata wakiwa wakubwa. Kwa mvulana wa miaka 14 katika bweni la watu wengi, hiyo ni fedheha kubwa. Akaamua kuacha kunywa maji kuanzia saa 9 alasiri ili usiku apite salama. Kwa hesabu ya mtoto, ilikuwa akili. Kwa damu yake, ilikuwa hatari.

Muhula wa kwanza alilazwa mara mbili. Wa pili akalazwa mara tatu, mara ya mwisho siku tisa, hospitali ya mkoa hapa Musoma. Mwalimu wa zamu alikuwa amemwandika mtoro wa mchakamchaka na kumpa adhabu ya kufyeka nyasi juani. Sisemi mwalimu yule alikuwa mbaya. Hakuna aliyemweleza. Mama alikuwa ameficha ugonjwa kwenye fomu ya kujiunga akiogopa mtoto wake atanyimwa nafasi.

Alipotoka wodini hakurudi shule. Baba alimpakia kwenye Noah na kumpeleka Butiama.

Mwaka uliopotea

Hapo ndipo mgogoro wa familia ulipoanza. Baba alisema mtoto apone kwanza, masomo baadaye. Mama alisema mtoto akikaa nyumbani mwaka mmoja ameshakuwa mchunga mbuzi. Mtendaji wa kijiji akaleta barua ya kumwita baba aeleze kwa nini mwanafunzi haonekani shuleni. Baba akaenda na karatasi za hospitali, wakaelewana. Nawashauri wazazi wote walio kwenye hali hii: karatasi za daktari ziwekeni mahali pamoja, na mkuu wa shule aandikiwe barua. Mtoto mgonjwa asihesabiwe mtoro kwa sababu tu mzazi hakusema.

Mama alinipigia simu Oktoba ile. Akasema, “Wewe ndiye msomi wetu. Tafuta njia.”

Nikamjibu, “Sawa mama, nitauliza.”

Sikuuliza. Nilikuwa na safari za kazi, nikajiambia mtoto bado anapata nguvu, hakuna haraka. Nilipokuja kuuliza ilikuwa Aprili 2023. Ndipo nikaambiwa usajili wa Mtihani wa Maarifa, unaoitwa kwa kifupi QT, huanza mwanzoni mwa Januari, anayechelewa hulipa faini, kisha mlango unafungwa. Ulikuwa umefungwa.

Kosa hilo ni langu. Mimi ninayeandika kila mwaka tarehe za kampeni za chanjo nilishindwa kujua tarehe moja ya mtihani wa mdogo wangu. Alipoteza mwaka mzima. Nilipomweleza hakulia wala hakulalamika. Aliniuliza tu, “Dada, kwa hiyo mimi bado ni mwanafunzi?”

Sikuwa na jibu la haraka. Sare yake ilikuwa bado imetundikwa ukutani.

Njia yenyewe ikoje

Kwetu Tanzania wachache sana husomesha watoto nyumbani kwa kupenda tu, kama wanavyofanya baadhi ya wazazi Marekani. Wengi wanaosomea nyumbani wamefikishwa hapo na ugonjwa, ujauzito, umaskini au umri. Lakini njia ipo, ni halali, na mwisho wake ni cheti kilekile cha Baraza la Mitihani la Tanzania.

Kijana aliyeacha shule kabla ya mtihani wa kidato cha pili hufanya kwanza Mtihani wa Maarifa, ambao hupima masomo ya kidato cha kwanza na cha pili. Akifaulu anaruhusiwa kujisajili kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mitihani hiyo miwili haifanywi mwaka mmoja. QT hufanyika Novemba, matokeo hutoka Januari, ndipo anajisajili kwa ajili ya Novemba inayofuata. Kwa hiyo anayeanza leo ahesabu angalau Novemba mbili.

Usajili hufanyika kupitia kituo cha mitihani cha watahiniwa wa kujitegemea. Namba za vituo hivyo huanza na herufi P, tofauti na za shule zinazoanza na S. Ukifika kituoni uwe na taarifa za mtihani wa darasa la saba, cheti cha kuzaliwa na picha. Hakikisha jina linafanana herufi kwa herufi kwenye karatasi zote, maana herufi moja ikipishana inaweza kukusumbua miaka.

Mambo mawili wazazi wengi huyajua wakiwa wameshachelewa. La kwanza, mwanafunzi wa shule ana alama za maendeleo zinazochangia matokeo yake ya mwisho. Wa kujitegemea hana akiba hiyo, anategemea karatasi ya mtihani peke yake. Akiugua wiki ya mtihani, hakuna cha kumbeba. La pili, Fizikia, Kemia na Baiolojia zina sehemu ya vitendo, na nyumbani hakuna maabara. Uliza kituo mapema sehemu hiyo inafanywaje kabla hujamsajili mtoto masomo hayo.

Mdogo wangu alichagua masomo saba: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Uraia, Historia, Jiografia na Baiolojia. Hilo la mwisho tulibishana naye. Alisema, “Damu yangu ndiyo inayonisumbua, acheni niisome.”

Nani wa kumfundisha? Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima huendesha masomo ya sekondari nje ya mfumo wa kawaida, na kupitia mradi wa SEQUIP imekuwa ikiwarudisha masomoni wasichana waliokatishwa, wengi kwa ujauzito. Vipo pia vituo binafsi mijini, vya wikiendi na vya jioni. Vitembelee kabla ya kulipa. Muulize mwalimu anafundisha somo gani, na muulize mwanafunzi aliyekaa nje kama mwalimu huyo huwa anakuja.

Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinapatikana bure kwenye maktaba yake ya mtandaoni. Tovuti ya Baraza la Mitihani ina taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zinazoonyesha swali kwa swali wapi walikosea na kwa nini. Mimi humpakulia nikiwa Musoma kwenye intaneti nzuri, namtumia kwa simu. Taarifa hizo zimemsaidia kuliko kitabu chochote cha maswali na majibu kinachouzwa stendi.

Kwetu jambo hili si geni

Anayedhani kusoma nje ya darasa ni aibu ya siku hizi, hasa sisi tulio karibu na Mwitongo, ajikumbushe. Mwalimu Nyerere alianza darasa la kwanza Mwisenge, hapa Musoma, mwaka 1934 akiwa na miaka 12. Alipokuwa Rais, aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, watu wakakusanyika kwa makundi vijijini kuzunguka redio, wakasikiliza somo la malaria, maji na vyoo, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Miaka hiyo hiyo wapo waliosoma sekondari kwa posta, wakipokea masomo kwa bahasha na kurudisha majibu kwa bahasha.

Na sisi sote tulipata wiki kadhaa za kuonja. Tarehe 17 Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona, na wanafunzi wengi walirudi tarehe 29 Juni. Kila mzazi mwenye kijana wa sekondari alijifunza miezi ile kwamba daftari peke yake halimfundishi mtoto.

Ratiba inayofuata mwili

Mwanzoni tulikosea. Tulimtengenezea ratiba ya shule, saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana, vipindi saba. Siku ya nne alikuwa kitandani.

Aliyetuokoa ni mwalimu mstaafu jirani yetu. Alisema mtoto huyu asome kwa saa chache lakini asiruke siku. Sasa anasoma saa mbili asubuhi, anapumzika, saa moja na nusu alasiri, na nusu saa ya kusoma kwa sauti jioni. Siku ya maumivu hasomi kitu na hakuna anayemlaumu. Siku inayofuata anaanzia alipoishia, hakimbizi vipindi alivyokosa. Mzee huyo anamfundisha Hisabati Jumanne na Alhamisi, na mama humpelekea dagaa au sato akitoka mnadani. Hatujawahi kuandikiana mkataba.

Jumamosi anapanda gari kwenda Musoma kwenye kituo. Anafikia kwangu Nyasho, analala, Jumapili anarudi. Kipindi cha mvua hasafiri asubuhi sana, na sweta halitoki kwenye begi.

Kikwazo kikubwa kilikuwa Kiingereza. Shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili, kidato cha kwanza hakukimaliza, na nyumbani hakuna anayekisema. Angeweza kukueleza kazi ya figo kwa Kiswahili hadi ukaelewa, halafu akashindwa kuandika sentensi mbili za mtihani. Tukaanza mchezo wa sauti. Kila jioni ananitumia sauti ya dakika mbili kwa Kiingereza kuhusu alichosoma, namrudishia yenye masahihisho. Nina sauti zaidi ya 300 kwenye simu yangu. Za mwanzo anagugumia. Za mwezi uliopita ananisahihisha mimi.

Maji ni sehemu ya ratiba, na choo pia. Nyumbani haombi ruhusa kwenda kujisaidia. Anatumia dawa za kliniki kila siku, foliki asidi na haidroksiurea, ambayo kwa wagonjwa wengi hupunguza idadi ya mashambulizi ya maumivu. Haidroksiurea haitakiwi kununuliwa duka la dawa na kumezwa kwa kukisia. Huanzishwa na daktari na damu hupimwa mara kwa mara. Analala ndani ya chandarua mwaka mzima, kwa sababu kubeba kinasaba kimoja hukinga lakini kuwa na viwili hakukingi. Malaria kwa mgonjwa wa selimundu huua haraka.

Nyumbani napo kuna mitego

Niseme wazi, nyumbani si peponi. Mtoto akionekana hapo, kila mtu anamtuma. Kafunge ndama. Kamwite baba yako. Shika duka dakika moja. Dakika moja inakuwa asubuhi nzima. Kwa wasichana ni mbaya zaidi. Binti wa shangazi yangu kule Bunda alikatisha kidato cha tatu kwa ujauzito, akabaki nyumbani akisoma. Shangazi aliniambia kwa fahari, “Anasoma vizuri sana, mwanangu.” Nilipokaa siku mbili niliona binti akipika, akifua, akilea, na kitabu akikishika saa 4 usiku macho yakifumba. Nilimwambia shangazi kwa heshima kwamba hiyo si shule. Tangazo la Serikali la Novemba 2021 linaruhusu waliokatisha masomo kwa sababu mbalimbali, ujauzito ukiwamo, kurudi shule za kawaida. Alirudi, shule ya kutwa, na mtoto analelewa na bibi yake.

Mtego mwingine ni upweke. Wenzake wa kijijini wanapita asubuhi na sare, jioni wanarudi wakicheka mambo ambayo yeye hayajui. Vijana wenye selimundu mara nyingi huchelewa kubalehe na kukua. Wenzake wamepata sauti nzito, yeye bado. Kuna mtu dukani alimwambia macho yake ni ya mvuta bangi. Miezi minne ya mwaka 2023 alikataa kutoka nje ya boma. Kama mwandishi wa afya najua tofauti ya huzuni ya kawaida na sonona, lakini kwa ndugu yako unaona ukungu tu. Tulimpeleka kwa mshauri hospitalini. Pia Jumamosi ya Musoma, ambayo baba aliiona ni kupoteza nauli, ndiyo iliyomrudishia watu. Kule kituoni anakaa na dereva bodaboda wa miaka 30, mama wa watoto wawili na askari mgambo. Wote wanamwita “Profesa”.

Dalili za kutosubiri asubuhi

Mzazi unayemsomesha mtoto mwenye selimundu nyumbani, wewe ndiye mwalimu na wewe ndiye nesi. Mkimbize hospitali ukiona homa ya nyuzi 38 au zaidi, maumivu ya kifua au kupumua kwa shida, maumivu yasiyotulizwa na dawa alizoandikiwa, weupe wa ghafla kwenye viganja na midomo, au tumbo kuvimba ghafla. Mdomo ukipinda, mkono au mguu ukikosa nguvu, au maneno yakikwama, hicho kinaweza kuwa kiharusi, na watoto wenye selimundu hukipata.

Kwa wavulana kuna moja wanayoificha. Uume unaweza kusimama kwa maumivu kwa muda mrefu bila hamu yoyote. Ni dharura, na kuchelewa kunaweza kumharibia maisha ya baadaye. Mtoto hatamwambia mama. Kwetu baba ndiye aliyemwambia mapema, walipokuwa wawili tu wakirekebisha uzio, kwamba ikitokea aseme hata saa 8 usiku. Ilitokea mara moja. Alisema.

Kabla hujamtoa shule

Baada ya yote haya kuna mzazi ataniuliza kama namshauri amtoe mwanawe shule. Jibu langu ni kwamba nyumbani iwe njia ya mwisho. Sisi tuliruka hatua, na ningepewa nafasi ya kurudi Januari 2022 ningezifuata.

Kwanza ningeuambia uongozi wa shule ukweli kabla mtoto hajaripoti, kwa barua ya daktari inayosema mambo matano: aruhusiwe maji darasani, aruhusiwe choo bila kuuliza, asioge maji ya baridi, asikimbizwe mchakamchaka, na asipewe adhabu za juani. Mambo hayo hayana gharama. Pili ningetafuta shule ya kutwa iliyo karibu kabla ya kufikiria bweni. Tatu, ningemhamisha mara tu alipolazwa mara ya pili, bila kungoja ya tano. Hayo yote yakishindikana, ndipo nyumbani. Na siku hiyohiyo anayotoka shule, mtu mmoja wa familia apewe kazi ya kujua tarehe ya usajili na kuiandika ukutani.

Halafu mzungumze mapema kuhusu baadaye. Kwenda kidato cha tano anahitaji angalau alama C kwenye masomo matatu. Akipata D nne anaweza kuomba kozi mbalimbali za cheti, na VETA ipo hapahapa Musoma kwa anayetaka ufundi. Kazi ya kukaa kivulini na kutumia kichwa inamfaa zaidi kuliko ya kubeba zege, lakini aambiwe hivyo kwa upole, yeye achague.

Mdogo wangu alifanya QT Novemba 2024 na matokeo yalitoka Januari. Alifaulu. Baba, ambaye hajawahi kunipigia simu kabla ya saa 3 asubuhi, alinipigia alfajiri akaniuliza, “Usajili wa kidato cha nne umefunguliwa?” Nilikuwa tayari nimeshapanga foleni kituoni.

Kwa bahati, waliobaki kule bwenini, walioanza naye Januari 2022, nao wanafanya mtihani wao Novemba hii hii. Amewakuta. Wao watavaa sare, yeye atavaa nguo za kawaida kama watahiniwa wote wa kujitegemea. Mama amemnunulia shati jeupe hata hivyo.

Sijui atapata nini. Mvua za vuli hunyesha kipindi kilekile cha mtihani, na baridi ya asubuhi moja inaweza kumlaza. Tumepanga alale kwangu Nyasho wiki zote za mtihani ili asisafiri. Nimeomba likizo, na mhariri wangu amekubali, ndiyo maana Novemba mtaniona kidogo kwenye ukurasa huu.

Siku ile chini ya mwembe nilimuuliza kama anakumbuka swali aliloniuliza mwaka 2023.

“Nakumbuka, dada.”

“Na jibu?”

Akafunua daftari, akanionyesha mchoro wa chembe ya damu iliyojikunja, ameuchora mwenyewe na kuuandikia majina yote kwa Kiingereza. Akanipa kalamu nyekundu, akasema, “Sahihisha.”